Kipenga ni cha Hatari Tu

Haya ni maneno niliyowaambia viongozi vijana wa kambi yetu ya likizo ya Agosti, katika vilima vya Shimba, Kwale, jioni ya kuamkia siku ya watoto kuwasili. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Vijana wangu, hamjambo. Poleni kwa kazi ya kutwa. Mahema yamesimama, matangi yamejaa maji, kuni zimepasuliwa, na mama zetu wa jikoni, wale wawili mnaowaona mlangoni, wametulisha kabla hatujafanya lolote la kustahili chakula kitamu namna ile. Mama zangu, asanteni sana.

Kesho saa nne asubuhi mabasi mawili yatapanda kilima hiki na watoto 48. Wanatoka Mombasa, yaani Likoni, Kisauni, Majengo na Nyali, na wengine hapa hapa Kwale. Mdogo wao ana miaka 9, mkubwa 13. Wapo ambao hawajalala nje ya kwao hata usiku mmoja. Wapo waliozoea kulala watano chumba kimoja, na wapo wenye chumba chao peke yao na kiyoyozi juu. Wote watakutana na alfajiri ya hapa juu, kusi ikivuma na ukungu umelala nyasini, na watauliza kama kweli hapa ni Pwani.

Tangu mchana mmenisikia nikizungumza ratiba, zamu na mahesabu. Sasa nina jambo moja tu, na nitalizunguka mpaka mlichoke. Ukitaka kumjua kiongozi mzuri wa kambi, usimtazame akiwa mbele ya watoto. Ngoja aende kuchota maji, kisha watazame watoto wake wanafanya nini.

Watu hutuambia kwamba kambi ni mambo ya kigeni. Babu zetu na bibi zetu wangeshangaa kusikia hivyo. Hapa Pwani mvulana alitolewa nyumbani akapelekwa kumbini, akakaa huko pamoja na hirimu zake, na kungwi akawa naye usiku na mchana, akimlisha, akimtibu, akimfunza nyimbo na adabu. Wasichana nao walikuwa na somo wao. Sisi hapa hatufanyi jando wala unyago, na wala hatujifanyi tunavifanya. Lakini neno lile, kungwi, nataka mlale nalo usiku huu. Kungwi alikuwa mtu wa kulala karibu. Mtoto akigeuka usiku kwa maumivu, kungwi alikuwa anasikia.

Kambi za watoto wa shule wakati wa likizo, kama hii yetu, nazo zina mizizi yake. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Connecticut, Marekani, Frederick Gunn, aliwatembeza wanafunzi wake kwa miguu mpaka ufukweni Milford, wakapiga mahema, wakavua samaki na kuendesha mashua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza mwaka ule na wavulana walikuwa wakitamani maisha ya askari, mwalimu akawapa hema na bahari. Huko ndiko Wamarekani wengi huanzia wanaposimulia historia ya kambi zao za watoto.

Ninayotaka tuikalie kidogo ni ile ya Agosti 1907, katika kisiwa kidogo cha Brownsea, bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Aliyeiongoza ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, yule aliyekuja kufia Nyeri mwaka 1941 na kuzikwa huko huko. Waliofika kaburini kwake wameona duara lenye nukta katikati, alama ya wafuata nyayo yenye maana kwamba nimekwenda nyumbani. Alikuwa askari wa dola iliyotutawala. Alipigana na Wandebele mwaka 1896, na ile pembe ya tandala aliyoipuliza kila alfajiri kuwaamsha wavulana Brownsea aliitoa kwenye vita vile vile. Jambo hilo linaniuma, na sitaki mmoja wenu aje alisome mahali pengine adhani nililificha.

Lakini kuna mambo mawili aliyoyafanya pale kisiwani ambayo mpaka leo sijaona mtu aliyeyafanya vizuri zaidi. Aliwachukua wavulana wa shule za matajiri na wavulana wa familia za wafanyakazi wa Poole na Bournemouth, ishirini na kitu hivi, akawachanganya, katika nchi ambayo watoto wa namna hizo mbili hawakuwa wakikaa chini ya turubai moja. Kisha akawagawa vikosi vinne: Mbwamwitu, Kunguru, Fahali na Sululu. Sululu ni wale ndege wenye mdomo mrefu uliopinda, ambao hata sisi huwaona Mida wakichokora matope maji yakipwa. Na kila kikosi kiliongozwa na mvulana mwenzao. Mvulana yule ndiye aliyebeba dhamana ya kikosi chake, wakati wote, iwe kazini au mchezoni. Mtu mzima aliongea naye, naye akaongea na wenzake.

Ndiyo maana sisi tuna vikundi sita vya watoto wanane wanane, kila kikundi na kinara wake, na kinara ni mtoto. Ninyi kumi na wawili ni walezi wa vinara. Najua kuna anayesema moyoni kwamba mtoto wa miaka 12 ataongoza nini. Basi nisikilizeni.

Mwaka juzi kikundi kimoja kilikuwa na zamu ya uji. Kinara wao alikuwa msichana wa miaka 12 kutoka Likoni, mwembamba, sauti ndogo. Mlezi wake alisimama hatua tano kutoka kwenye mafiga. Aliona kuni zimezidi. Aliona mwiko umeegemezwa ukingoni mwa sufuria na hakuna aliyeushika, kwa sababu kulikuwa na mabishano ya nani avute maji. Aliniambia baadaye kwamba vidole vyake vilikuwa vinamwasha kwa kutaka kuuchukua mwiko ule. Hakuuchukua. Uji ukashika chini, harufu ikaenda mpaka mahemani, na sote tukanywa uji wa moshi asubuhi ile, watoto 48 na sisi. Wapo waliolalamika. Kinara akaenda nyuma ya tangi akalia.

Mlezi alimfuata, akakaa chini ubavuni mwake, akangoja. Kisha akamuuliza swali moja tu: kesho mtafanyaje? Msichana akafikiri, akasema watatoa kuni mbili, na mtu mmoja hataachia mwiko kwa jambo lolote.

Alfajiri ya pili nilipita jikoni saa kumi na moja na nusu. Nilimkuta amechuchumaa, leso mabegani kwa baridi, anavuta kuni moja moja nje ya mafiga. Mwiko ulikuwa mkononi mwa mvulana wa Nyali ambaye sidhani kama aliwahi kupika hata chai. Msichana alikuwa anamwambia kwa ile sauti yake ndogo, “Koroga mpaka chini. Juu juu hapaungui.” Mlezi hakuwapo. Alikuwa amekwenda kuchota maji.

Sufuria ile ya watu sitini inatelekwa na kuepuliwa na watu wazima peke yao, msinielewe vibaya. Uji uungue, mtoto asiungue. Mpaka huo ni wenu kuulinda, na ukishaulinda, tulieni. Kazi mnayompa mtoto iwe kazi ya kweli, ambayo akiiharibu inaharibika. Kumpa mtoto ufagio wa kufagia mahali ambapo wewe utafagia tena baada yake, anajua. Watoto wanajua upesi sana.

Kuna utafiti wa zamani ambao mimi huukumbuka kila Agosti. Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha matokeo ya kuwachunguza wavulana wa miaka 10 hivi waliokutana vikundi vikundi kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni na kazi nyingine za mikono. Kiongozi mmoja aliamuru kila hatua. Mwingine alishauriana na watoto. Wa tatu aliwaachia tu wafanye wapendavyo. Kikundi cha yule wa amri kilifanya kazi sana akiwa amesimama pale. Alipotoka chumbani, kazi ikaanguka. Cha yule wa kushauriana kiliendelea. Na cha yule aliyewaachia ndicho kilichofanya kazi kidogo zaidi, kwa hiyo asije mtu akalala chini ya mwembe akasema mzee alituambia tuwaachie watoto. Kuwa hatua tano kutoka kwenye mafiga ni kazi ngumu kuliko kushika mwiko.

Sasa mashindano. Nimeona kwenye ratiba yenu mmejaza mashindano: kukimbia, kuvuta kamba, hema safi, nyimbo, chemsha bongo, na alama za kila kikundi kubandikwa ubaoni. Nimeyapunguza, na nina deni la kuwaambia kwa nini.

Mwaka 1954, katika kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani, mtafiti Muzafer Sherif aliwaleta wavulana 22 wa miaka 11 hivi, wote watoto wa kawaida wasiojuana. Akawagawa makundi mawili, na mwanzoni kundi moja halikujua kama kuna jingine. Yakajipa majina. Moja likajiita Tai. Jingine likajiita jina la nyoka wa kwao huko, yule ambaye mkia wake hulia kama kayamba. Kisha yakakutanishwa kwenye mashindano ya siku kadhaa, medali na visu vidogo vikiwa zawadi. Ndani ya siku chache walikuwa wakitukanana, wanachomeana bendera, wanavamiana mabandani. Watoto wale wale! Hawakuwa na ugomvi wa kabila wala wa dini. Walipewa ubao wa alama tu.

Nasema wazi kwamba walichofanyiwa watoto wale hakikuwa haki. Hawakuambiwa kwamba wanachunguzwa, na waliokuwa wakijidai viongozi wa kambi walikuwa watafiti. Hakuna mzazi hapa ambaye angekubali. Lakini yaliyofuata yanatufaa. Watu wazima walijaribu kuwapatanisha kwa kuwakalisha pamoja kula na kuwaonyesha sinema. Ikawa nafasi nzuri zaidi ya kurushiana vyakula. Kilichofaa ni shida ya pamoja. Maji ya kambi yalikatika, wote wakapanda mlimani kutafuta yalikoziba. Siku nyingine lori la kuleta chakula likagoma kuwaka. Wavulana wakachukua kamba, wakaifunga kwenye lori, makundi yote mawili yakavuta upande mmoja. Na kamba ile ilikuwa ndiyo waliyokuwa wakivutania kwenye mashindano. Siku ya kurudi kwao, kundi moja lilikuwa na dola 5 za zawadi. Liliwanunulia vinywaji wote, na mahasimu wao wakiwemo.

Kwa hiyo kuvuta kamba kumebaki, watoto hupenda na mimi napenda. Ubao wa alama umeondoka. Na Jumatano, pampu ya kisima itakapokuwa kwenye ukaguzi wake, maji yataletwa na vikundi vyote sita kwa mnyororo wa ndoo kutoka bondeni. Hapo tumuweke mtoto wa Likoni kati ya watoto wa Nyali, na wa Kwale kati ya wa Majengo, mkono kwa mkono. Msiwahubirie lolote. Ndoo zipite tu.

Nije kwenye usiku, maana mchana huwa unajiendesha.

Hamu ya kwao humshika mtoto kazi ikiisha: baada ya chakula cha jioni, baada ya nyimbo, taa inapozimwa. Mtoto aliyekuwa akicheka mpaka kujishika mbavu saa kumi, saa tatu usiku anageukia upande wa turubai na mabega yanatikisika. Msimwambie anyamaze. Msimwambie wenzake watamcheka. Na nawasihi, msimwahidi kwamba mamake atakuja kesho, kwa sababu kesho mamake hatakuja, na kuanzia hapo neno lako halina thamani kwake. Kaa chini karibu naye, hema ikiwa wazi na mlezi mwenzako akikuona. Muulize kwao sasa hivi wanafanya nini. Nani anafunga mlango? Paka analala wapi? Mtoto akianza kueleza paka anapolala, kilio kinapungua chenyewe. Kisha mpe kazi ya asubuhi, ndogo na ya kweli: wewe ndiye utakayenipitia saa kumi na moja na nusu twende tukatazame ukungu. Wengi hulala wakiiwaza kazi ile.

La pili la usiku nitalisema kwa uzito, kwa sababu nalibeba.

Nilikuwa na miaka 21, mwaka wangu wa kwanza, katika kambi nyingine. Mtoto wa miaka 10 wa kikundi changu alilowesha godoro. Sikumgombeza. Sikusema neno lolote baya. Nilichukua godoro nikaliegemeza nje ya hema lake likauke juani, mbele ya njia ya kwenda kula, kama ambavyo ningefanya nyumbani. Watoto wote wakapita pale. Mchana ule hakula, jioni ile hakula, na siku ya tatu babake alipigiwa simu akaja kumchukua. Alipita mbele yangu na mkoba wake, macho chini. Naweza kuwaeleza mpaka leo ile shingo yake ilivyoinama. Kosa lilikuwa langu, na kambi nzima ya wiki mbili ya mtoto yule iliishia kwenye godoro.

Kwa hiyo kila kikundi kina ndoo yenye kifuniko, na ndani yake mashuka mawili safi, leso moja na nguo ya kulalia ya ziada. Inakaa mlangoni mwa hema, na watoto wataambiwa ni ndoo ya akiba, basi. Walezi mnaamka saa kumi na moja, kabla yao. Mmoja wenu anapita taratibu. Ukiona, mwamshe kwa kumgusa bega, mpe leso, mtoe kwenda msalani kama mtu anayekwenda msalani, na mwenzako abadilishe shuka. Magodoro yamevishwa mpira, futa na upindue. Wengine wakiamka, hakuna kilichotokea. Wala msimtajie kinara. Huo ni mzigo wa mtu mzima, na hapa ndipo mtu mzima anapohitajika.

Mengine mnayajua, nayapitia upesi. Vyandarua kila usiku, na mtoto yeyote mwenye homa aende kwa nesi wetu akapimwe malaria, usimpe dawa ya maumivu ukangoja. Watoto watatu wana pumu. Dawa zao za kuvuta zinatembea na mlezi, haziachwi hemani. Ndovu wanapita msitu ule wa kusini, hivyo hakuna mtoto kuvuka uzio bila askari wa wanyamapori. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali wasipoonekana, hata kama ni mpwa wake. Na mtoto akikuambia kuna mtu anayemdhuru, hapa au kwao, usimwahidi siri. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, kisha uje kwangu saa ile ile. Ikiwa anayelalamikiwa ni mimi, piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Nimeibandika stoo, jikoni na kwenye milango ya vyoo, kimo cha macho ya mtoto.

Alhamisi tunashuka Diani. Kusi itakuwa imeichafua bahari, kwa hiyo wataingia maji ya ndani ya mwamba peke yake, yakiwa yamepwa, kina cha kiuno, wawili wawili. Kila mtoto ana mwenzake, na walezi wanne watasimama majini upande wa bahari kuu. Kipenga kikilia mara moja, kila mtoto anamshika mwenzake mkono na wote wawili wanauinua juu. Mnahesabu jozi 24. Ikiwa ni 23 na nusu, kila mtu anatoka majini sekunde ile na tunatafuta.

Hapo ndipo kipenga kina kazi. Nimeona baadhi yenu mmekwisha kukitundika shingoni tangu asubuhi. Kivueni. Mkikipuliza kuita watu kula, mkakipuliza kuita watu nyimboni, mkakipuliza kwa sababu hema moja lina kelele, siku ya Alhamisi mtoto atakisikia aseme ah, ni kile cha chakula. Kipenga ni cha hatari tu. Chakula kiitwe na kinara wa zamu, kwa mdomo wake. Na hema lenye kelele, nenda mpaka pale, inama, ongea na kinara.

Kitu cha mwisho. Mmoja wenu aliniuliza alasiri kama tufunge vyandarua vyote usiku huu, ili watoto wakute kila kitu tayari. Lilikuwa swali la upendo, na nilimwambia nitalijibu mbele ya wote. Tusivifunge. Watavifunga wao kesho baada ya chakula cha mchana, wawili wawili, mrefu akimsaidia mfupi. Kuna watakaovifunga ovyo. Mtavikagua kabla ya magharibi, na penye tundu mtamwonyesha kinara tundu.

Saa tatu kasorobo sasa. Kila walezi wawili waende stoo, wahesabu vyandarua vinane na kamba nane, waviweke mlangoni mwa hema lao vikiwa vimekunjwa hivyo hivyo. Vipenga nirudishieni hapa mezani mkipita.